Fyuzi Si Msumari

Boti ya mjomba wangu iliwaka moto ikiwa imefungwa gatini Kismayo, mchana mweupe, bahari imetulia kama maji ya beseni. Hakukuwa na dhoruba wala risasi. Alibonyeza swichi ya kupasha injini moto kama alivyozoea, na badala ya kusikia injini ikikohoa akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Alipoinua kifuniko cha sanduku la injini, moto ulimrukia usoni. Akajitupa majini ndevu zikiwaka. Wapagazi wa gatini waliuzima moto kwa mchanga na magunia yaliyolowa. Boti ilibaki, upande mmoja mweusi, ikinuka dizeli na nywele.

Mimi nilikuwa Mombasa. Nilizaliwa kisiwani Chovae, nikatolewa huko mgongoni mwa mama mwaka wa tisini na moja vita vilipoingia, nikakulia kambini, kisha mjini. Kazi yangu ni waya. Si waya za nyumba, waya za magari: taa, stata, betri, kila kinachopita nyuma ya dashibodi. Niliisomea gerejini kwa fundi mmoja aliyenichukua kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba, akanibakisha kwa sababu nilikataa kuondoka.

Mjomba alinipigia simu siku ile ile, sauti imemkauka kwa moshi.

"Mwanangu, boti imeungua waya zote. Fundi wa hapa anasema atanirudishia kama ilivyokuwa."

"Ilikuwaje?"

"Penye fyuzi palikuwa na msumari."

Nilijua kabla hajaniambia. Fyuzi ni kipande chembamba cha chuma kinachokubali kufa kwanza ili waya usife. Waya ukigusa mahali usipopaswa kugusa, umeme hukimbilia pale wote kwa pamoja, na fyuzi hukatika, tak, mambo yakaishia hapo. Msumari haukatiki. Ukiweka msumari, kitakachokatika ni waya wenyewe, lakini kwanza utawaka kama utambi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na katika boti ya mbao utambi huo umepita juu ya tangi la dizeli.

"Asiguse kitu mpaka nifike," nikamwambia.

"Utatoka Mombasa uje Kismayo kwa ajili ya waya?"

"Nitakuja kwa ajili ya boti yetu."

Ilikuwa yetu kweli, ingawa jina la nahodha ni lake. Ndiyo iliyokuwa ikipeleka unga, maji, saruji na watu visiwani Ngumi na Chovae, watu wetu walioamua kurudi wakakuta nyumba hazina paa. Bila boti, kisiwa hubaki kitu cha kutazamwa kwa mbali.

Mama aliposikia naenda, akatoa begi uvunguni. Majirani zetu wa Mombasa walikuja kutuzuia. Waliotoka huko wanatafuta njia ya kwenda Ulaya, wakasema, ninyi mnataka kurudi? Mama akikasirika Kiswahili cha Mombasa humpotea, hurudi kwenye Kibajuni cha kwao.

"Mimi sikufukuzwa ni Mungu," aliwaambia. "Nilifukuzwa ni vachu. Na vachu hufa."

Vachu, yaani watu.

*

Nilipopanda botini mara ya kwanza nilikaa juu ya kitako cha injini nikaitazama tu. Ilikuwa injini ya dizeli ya pikapu, ya silinda nne, iliyofungwa humo na mtu wa zamani asiyejulikana. Katika kila silinda pamechomekwa hita plagi, kijiti cha chuma mfano wa kidole cha mtoto. Ukibonyeza swichi, umeme wa betri huvipasha vile vijiti vinne mpaka viwe vyekundu, hewa ya ndani ikapata joto, na dizeli ikidungwa ikashika moto. Ukiachia swichi, vimemaliza kazi yake. Ni kazi ya muda mfupi sana, lakini katika muda huo vinakunywa umeme kama ngamia aliyetoka safari.

Fundi wa gatini alikuja na vijana wake akasimama ufukoni. Mtu mzima, mvi nyingi, kikoi safi. Hakupanda.

"Mwanangu, karibu nyumbani," alisema. "Lakini hizo hita plagi za nini? Hapa kuna baridi? Hii si Ulaya. Mimi niliziunganisha moja kwa moja na betri ili kazi iende."

"Ami, injini ikiwa mpya maneno yako ni kweli," nilimjibu. "Hii imechoka, haina tena nguvu ya kuibana hewa vizuri. Asubuhi bila kupashwa haiwaki. Wewe mwenyewe unajua, ndiyo maana hukuzitoa."

"Basi ziache. Fyuzi nilizitia, zikawa zinakatika kila baada ya siku mbili. Nahodha anakaa gatini anatukana, abiria wanashuka. Nikatia msumari. Haukukatika tena."

"Haukukatika. Boti ndiyo iliyokatika."

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. "Ninyi mnaotoka Mombasa mna maneno. Sisi tuko hapa miaka yote hii, vita juu ya vita, hatukuhitaji fyuzi. Tulihitaji injini iwake."

Kuna ukweli ndani ya maneno yale na sikutaka kuukataa. Hawa ni watu waliotengeneza mambo kwa walichokuwa nacho wakati wengine tumekimbia. Lakini uso wa mjomba ulikuwa mbele yangu, mwekundu upande mmoja, umepakwa dawa.

"Ami," nikasema, "anayetaka msumari aende kwa seremala."

Kicheko kilikuwa kikubwa safari hii, na nikajua nimepata adui.

*

Nilianza kwa kuvua kila kitu kilichoungua. Halafu nikaenda sokoni na mjomba kutafuta waya. Nilikuwa nimebeba fyuzi zangu kutoka Mombasa, lakini waya mnene ni mzito, nikasema nitaupata huko huko.

Muuza vipuri alitutolea roli la waya, jekundu, nene, linalong'aa. "Walaal, ndugu yangu, hii namba moja," alisema. "Ya boti, ya lori, ya chochote."

Nililipima kwa mkono. Lilikuwa jepesi mno kwa unene wake. Nikaomba kununua kipande kifupi, kikiwa changu nikakikata kwa kisu. Koti la plastiki lilikuwa nene kama ganda la chungwa, na uzi wa ndani haba. Nikachukua uzi mmoja nikaukwaruza kwa ncha ya kisu. Juu mwekundu, ndani mweupe.

"Hii ni aluminiamu iliyovalishwa shaba," nikamwambia.

"Wote wananunua hii."

Nikaomba kibiriti cha gesi. Uzi ule ulipoingia motoni ukapinda, ukanyong'onyea, ukadondoka. Nikachomoa uzi mwingine kutoka kwenye waya chakavu wa stata uliokuwa umetupwa mlangoni pake, nao ukawa mwekundu, ukabaki umesimama.

"Unataka nini wewe, dhahabu?" akasema kwa hasira, maana wateja wawili walikuwa wamesogea kutazama.

"Nataka shaba. Chumvi ya bahari itaila hii mwaka hauishi, na kabla haijaliwa itapata moto kwa mzigo ambao shaba ya unene huu ingeubeba ikicheka."

Mjomba alinivuta mkono tukatoka. Njiani akaniambia nimemuaibisha mtu dukani kwake. Nikamwambia duka lake ndilo lililonunua aibu, si mimi. Hakuridhika. Tulizunguka soko zima, kila duka roli lile lile, koti jipya.

Waya tulioutumia tuliupata kwa wachomelea vyuma. Mmoja wao alikuwa na waya wa mashine ya kuchomelea, nyuzi nyembamba nyingi za shaba tupu, laini, unapinda kama kamba. Aliniuzia kipande bila maneno mengi, akanipimia kwa mkono. Ulikuwa wa milimita kumi na sita za mraba, mnene kidogo kuliko inavyohitajika, na hivyo ndivyo ninavyopenda. Waya mwembamba hupoteza umeme njiani, ukifika kwenye plagi umechoka na plagi haziwi nyekundu. Mpira wa waya ule haupatani na dizeli, kwa hiyo niliupitisha ndani ya bomba la mpira la mafuta. Ningepata shaba iliyopakwa bati, inayostahimili bahari, ningefurahi zaidi. Haikuwapo. Miisho nikaibana kwa vichwa vya shaba, nikapaka grisi, nikaifunika kwa mpira unaobana ukipashwa moto.

Fyuzi niliiweka shubiri moja tu kutoka betri. Mjomba aliuliza kwa nini nisiiweke karibu na swichi, ambako angeifikia kwa urahisi. Nikamwonyesha kwa kidole: kipande chote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Ukiweka fyuzi mbali, umeacha waya wote ule yatima. Kutoka kwenye fyuzi nikaenda kwenye rilei, swichi ya umeme ambayo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, na swichi ya nahodha ikabaki na waya mwembamba wa kuiamrisha rilei tu. Huo nao nikautilia fyuzi yake ndogo.

Nilikuja na fyuzi za ampea hamsini, za bapa, zinazobanwa kwa bolti. Mjomba alikuwa amenisomea kwa simu maandishi ya plagi moja, na kwa hesabu yake hamsini zingetosha. Tukabonyeza, injini ikawaka. Ikawaka na kesho yake, na kesho kutwa. Siku iliyofuata, mbele ya gati zima, fyuzi ikakatika.

"Ndiyo maana tukaweka msumari!" fundi alipaza sauti kutoka kwenye kivuli chake. Mjomba aliinamisha kichwa.

Nikatoa mita ya kubana, ile inayokumbatia waya na kukuonyesha umeme unaopita. Nikachomoa plagi zote nne nikazitazama. Zilikuwa za aina mbili, mbili za asili na mbili kubwa zaidi zilizoongezwa baadaye. Nikazirudisha, nikatia fyuzi nyingine, nikabonyeza. Mshale ulirukia juu ya sabini kwanza, plagi zikiwa baridi, kisha ukashuka taratibu mpaka chini kidogo ya hamsini. Hapo nikaelewa mkasa wote wa boti ile. Fyuzi ya hamsini ilikuwa ikiishi ukingoni kila asubuhi, na chuma kinachoishi ukingoni huchoka. Fundi hakusema uongo kwamba fyuzi zilikuwa zinakatika. Ila jibu lake halikuwa msumari, lilikuwa fyuzi ya kadiri: kubwa kuliko kinachonywewa na plagi, ndogo kuliko unachoweza waya kustahimili. Waya wangu ulistahimili zaidi ya mia. Nilihitaji themanini.

Yule muuza vipuri alikuwa nazo. Nikanunua mbili. Nikavaa glavu za ngozi na miwani, nikaiunganisha moja kwenye betri kwa makusudi, shoti tupu, palepale gatini. Ilipaswa kufa kabla hujafumba jicho. Haikufa. Ikawa nyekundu, plastiki yake ikayeyuka ikatiririka juu ya mbao, na bado ilikuwa inapitisha umeme nilipoivuta kwa koleo. Ilikuwa imeandikwa themanini vizuri kabisa, kwa wino mweupe.

Nikaenda kwenye malori mabovu nyuma ya soko, nikafungua masanduku yao ya fyuzi moja baada ya jingine mpaka nikapata za asili, za aina moja, zilizokaa humo miaka bila kuguswa. Moja niliitoa mhanga kwa njia ile ile. Tak. Hata mwanga sikuuona vizuri. Zile nyingine ndugu zake nikazichukua, moja nikaifunga, zilizobaki nikazitia kwenye mfuko wa kitambaa nilioufunga kiunoni chini ya buibui.

*

Tulikwenda Chovae na mama. Sitasema mengi ya siku hiyo, maana ni yake. Alitembea mpaka penye msingi wa nyumba yao, akaondoa miiba kwa mikono, akakaa juu ya jiwe la kizingiti kama mtu aliyekuja kungojea chai. Tulipomwita turudi alikuja bila kulia. Alisema tu, "Saruji."

Usiku tulilala Ngumi kwa jamaa zetu. Asubuhi mfanyabiashara mmoja wa Kismayo alipakia mzigo wake, kamba wakubwa wa miambani, wazima, ndani ya magunia yaliyolowa maji. Kamba wakifika wazima wana bei, wakifa njiani ni takataka. Alikuwa mtu mstaarabu, alinisalimia "dada", akawasaidia kina mama waliokuwa na watoto kupanda. Jua lilikuwa bado halijapata makali.

Mjomba akabonyeza swichi. Tak.

Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini. Niliinua kifuniko, fyuzi imekatika. Mjomba akajaribu stata hivyo hivyo, injini ikazunguka, ikazunguka, ikatema moshi mweupe, haikushika.

"Kuna nini?" mfanyabiashara akauliza.

"Fyuzi imekatika."

"Huna nyingine?"

"Ninazo."

"Tia basi, twende."

"Siitii mpaka nijue ile imekufa kwa nini."

Alinitazama kama nimesema kwa lugha asiyoijua. "Dada, si ndiyo kazi yake kukatika? Imekatika, tia nyingine."

"Iliyokatika siku ile gatini ilikuwa ndogo, ilichoka. Hii ni ya kadiri yake. Hii haifi bure. Kuna waya umegusa mahali. Nikitia nyingine itakufa vile vile, nikimaliza zote tutabaki hapa bila fyuzi na bila jibu."

"Tafuta basi. Haraka."

Nikainama. Nilikuwa nimeanza kufuata waya kwa vidole alipokuja nyuma yangu na spana ndefu mkononi. Alikuwa ameona boti nyingi, alijua wanavyofanya. Alitaka kuilaza juu ya bolti mbili za fyuzi, mjomba abonyeze, injini iwake, spana itolewe.

"Mara moja tu," alisema. "Kufumba na kufumbua."

Nilishusha kifuniko cha sanduku la injini nikakikalia.

"Ondoka, dada."

"Siondoki."

"Mzigo wangu unakufa! Unasikia? Unakufa magunia yakikauka!"

"Nasikia. Mwagia maji."

Abiria wakaanza kusema, wengine kwa Kisomali, wengine kwa Kibajuni, kila mmoja na rai yake. Mzee mmoja akashauri kitambaa chenye petroli kiwashwe mbele ya mdomo wa hewa wa injini. Nikamwambia katika boti hii hapana. Mfanyabiashara akamgeukia mjomba.

"Nahodha, boti ni yako au ya huyu?"

Hapo ndipo iliponiuma. Mjomba hakunitazama. Alitazama magunia, akatazama bahari, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mara moja tu. Tukifika Kismayo utatafuta kwa nafasi."

Nilikuwa tayari kugombana na wafanyabiashara wote wa pwani. Sikuwa tayari kwa hilo. Nilitazama kidevu chake, ndevu zilikuwa zimeanza kuota upya, mabaka mabaka.

"Mjomba," nikasema, "shika kidevu chako."

Akakishika kweli, bila kufikiri, kama mtu anayehakikisha kipo.

"Siku ile ulikuwa peke yako, na gati lilikuwa karibu," nikaendelea. "Leo kuna watoto. Ukitaka kuweka spana, nishushe kwanza mimi na mama na kila mwenye mtoto, halafu nenda na mwenye kamba wake. Mimi nitarudi Kismayo kwa ngalawa. Lakini nikiwa juu ya boti hii, waya niliofunga kwa mkono wangu hautapitisha umeme bila fyuzi."

Mama aliinuka alipokuwa amekaa mbele, akaja akipepesuka kidogo, akakaa kando yangu juu ya kifuniko. Akatengeneza mtandio wake.

"Atakayemuondosha aanze na mimi," alisema.

Mfanyabiashara alikuwa na adabu yake, mikono hakuiinua. Aliirusha spana chini, akaanza kumwagia magunia yake maji ya bahari kwa kopo, akitukana kwa Kisomali kwa sauti ya chini, akidhani sielewi. Nilielewa kila neno. Mjomba akasema, "Neno ni la mwanangu. Fungua utafute."

Kitu cha kwanza nilifungua kichwa cha betri, kisha nikaufuata waya kwa viganja, kidogo kidogo, kutoka kwenye rilei kwenda kwenye plagi. Kasoro niliipata upande wa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Kibano cha bomba la moshi kilikuwa kimelegea kwa mtikisiko, ncha yake ikawa inausugua waya kila injini ilipotetema. Kilikula bomba la mpira, kikala mpira wa waya, kikafika kwenye shaba. Penye chuma palikuwa na doa jeusi dogo la mahali umeme uliporukia. Chini yake, kwa upana wa kiganja, mbao zilikuwa zimelowa dizeli iliyovuja usiku kucha kutoka kwenye mpira wa dizeli.

Nilimwita mjomba, nikaelekeza mkono wake pale gizani, akaligusa doa, kisha akagusa mbao. Akanusa vidole. Nilimwita na mfanyabiashara aje aone. Alikataa kuja.

Kilichobaki kilikuwa kazi tu. Nilikata sehemu iliyoliwa, nikaunga kwa kibano cha shaba nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikafunika, nikavisha bomba jipya, nikaupitisha waya mbali na moshi na kuufunga kwa mikanda ya ngozi niliyoikata kutoka kwenye kiatu cha mama. Mama alikivua mwenyewe. Mjomba akakaza kibano cha bomba la moshi na mpira unaovuja wa dizeli, akapangusa mbao mpaka zikakauka. Halafu nikatia fyuzi, nikarudisha betri, nikashika mita. Mshale ukaruka, ukashuka, ukatulia. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikashika. Watoto wakapiga makofi. Watu wazima hawakupiga. Jua lilikuwa limeshapanda sana.

*

Tulipofika Kismayo kamba wengi walikuwa wamekufa. Mfanyabiashara aliwamwaga gatini, akawatenga wazima na wafu mbele ya watu wote, na kila aliyepita alimweleza kwamba ameuliwa mzigo na mwanamke na fyuzi yake. Fundi wa kikoi safi alikuja akakaa naye. Nilipita mbele yao na mfuko wangu wa vifaa. Nilimwambia mfanyabiashara pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli, maana hasara ni hasara. Lakini sikuomba msamaha. Alitaka msamaha, niliona. Hakuupata.

Wenye kamba wote waliihama boti yetu msimu ule. Mjomba alinuna, akawa akinijibu kwa neno moja moja, na kuna asubuhi nilifikiri ataniambia nirudi Mombasa. Hakusema. Siku moja nilimkuta amefungua sanduku la injini peke yake, anafuata waya kwa viganja kutoka betri mpaka plagi, polepole, midomo ikichezacheza. Nikageuka nikarudi nilikotoka ili asinione.

Waliobaki nasi ni wenye watoto. Kina mama wanaokwenda Ngumi na Chovae, na siku nyingine mpaka Darakasi, na unga na mikeka na mabati, walikuwa wakifika gatini wanauliza boti ya nahodha aliyeungua ndevu ni ipi. Hawakuwa na haraka ya kamba. Mzigo wetu ulipungua bei, boti ikajaa watu. Mama hukaa mbele juu ya mifuko ya saruji kana kwamba ni makochi. Ukuta wa kwanza wa nyumba umeshasimama. Mtu mmoja wa huko alimwambia si vizuri mwanamke mtu mzima kujenga mahali ambapo huenda vita vikarudi. Mama alimwuliza kama angependa kumshikia timazi ya kunyooshea ukuta.

Mimi sikurudi Mombasa. Nina meza yangu ya kazi karibu na wachomelea vyuma, chini ya bati. Kuna manahodha walioniletea boti zao, wengi wao bado humwendea fundi wa gatini, na yeye bado husema nimeleta ujinga wa mjini. Tukikutana namsalimu, "Shikamoo, ami," naye hunijibu, maana salamu haina ugomvi.

Wiki iliyopita alikuja nahodha mmoja nisiyemjua, ana haraka, injini yake haiwaki asubuhi.

"Niunganishie moja kwa moja," alisema. "Nasafiri leo."

"Leo nitakufungia waya, rilei na fyuzi ya kadiri yake. Ukitaka moja kwa moja, sifungi."

"Nalipa kama unavyotaka."

"Si bei. Sifungi."

"Wewe nani wa kunikatalia? Boti ni yangu."

"Ni yako. Mikono hii ni yangu."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Alisafiri jioni ile ile, niliambiwa, na alifika salama. Boti yake inatembea mpaka leo. Huenda itatembea miaka mingi isipatwe na kitu, na watu wataitaja kunionyesha kwamba niliwatisha bure. Waitaje. Nilikuwa na waya wa mtu mwingine mezani, nikashika kisu, nikaendelea kuumenya.